Hadithi, igizo, kazi za mikono, kwizi au nyimbo: uende na lipi kwenye darasa la Biblia la watoto?

Usiku wa kuamkia siku ya darasa mwalimu wa watoto anakuwa na swali moja tu kichwani. Somo unalijua, sura umeshaisoma mara mbili, umeomba, lakini kesho utafanya nao nini? Manake wiki iliyopita walipaka rangi, wiki ya nyuma yake walipaka rangi, na wale wakubwa wa miaka 11 wameshaanza kukaa nyuma wanapiga stori zao wenyewe.

Nimefundisha wadogo na wakubwa kwa miaka kadhaa sasa, na njia zote tano nitakazozisema hapa nimezitumia, zikafanya kazi na zikanishinda pia. Kwa hiyo sitakwambia ipo moja ya kuzipita zote, haipo. Nitaziweka kwenye mizani moja alafu uangalie darasa lako wewe, manake la kwako silijui.

Vigezo vyenyewe ni hivi. Kwanza maandalizi, yaani muda wako na vifaa. Pili umri na idadi ya watoto, na nafasi mliyo nayo. Tatu nani anafanya kazi, na hiki watu wengi hawakiangalii: katika zile dakika 20 za shughuli nani anafikiri, nani anasema, nani anasogea, ni mwalimu au ni mtoto? Nne kinachobaki mtoto akishatoka. Tano inapoharibikia, manake kila njia ina mahali pake pa kuharibikia na ukipajua mapema unapaziba.

Hicho cha nne nakipima hivi. Watoto wakitoka nasimama mlangoni namuuliza mmoja mmoja kwa sauti ya chini, leo ilikuwaje? Sisemi "tumejifunza nini" kwa sababu hapo anakupa jibu la kukufurahisha. Siku moja somo lilikuwa kondoo aliyepotea, tukabandika pamba kwenye kondoo za karatasi, kazi ilipendeza sana, wa kwanza kutoka akaniambia "tumebandika pamba". Wa pili, pamba. Wa tatu akasema gundi iliisha. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba mchungaji alikuwa na kondoo mia akawaacha 99 akaenda kumtafuta mmoja, na mimi ndo niliyekuwa mwalimu. Tangu siku ile kila shughuli naipima kwa jibu la mlangoni.

1. Kusimulia hadithi

Maandalizi: vifaa karibu hakuna, ila muda unakula kuliko watu wanavyodhani. Kusoma sura kwa sauti mbele ya watoto sio kusimulia. Kusimulia ni uweze kufunga Biblia ukawaangalia machoni kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hapo lazima uwe umeirudia mwenyewe nyumbani kwa sauti angalau mara tatu. Kitu kimoja mkononi kinatosha, jiwe moja la Daudi, fimbo, kipande cha kamba.

Umri na idadi: hii inabeba wote, kuanzia wa miaka 3 mpaka watu wazima, iwe watoto watano au hamsini, iwe chini ya mti au chumba kidogo. Ila wadogo kabisa ukishapita dakika saba hivi umewapoteza, usijilazimishe.

Nani anafanya kazi: wewe. Huo ndo udhaifu wake, mtoto anaweza kuwa ametulia kama maji ya mtungini na hayupo. Dawa yake ni kumpa sehemu ndani ya stori. Ile ya Samweli kuitwa usiku ni nzuri sana kwa hili, kila Samweli akiitwa darasa zima linajibu "mimi hapa!" na kukimbilia kwa Eli kwa kupiga miguu sakafuni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, alafu ile ya nne unashusha sauti na wao wenyewe wanashusha bila kuambiwa, manake sasa wanajua anayeita ni nani.

Kinachobaki: ukisimulia vizuri inabaki stori nzima na mpangilio wake, kipi kilianza na kipi kilifuata, hakuna njia nyingine inayotoa hiki kwa kiwango hicho. Alafu inaingia ndani kabla mtu hajajikinga. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi hakuanza na mahubiri, alianza na stori ya maskini mwenye mwanakondoo mmoja aliyenyang'anywa na tajiri, mfalme akawaka hasira juu ya yule tajiri kabla hajajua kwamba ni yeye anayesemwa. Watoto nao ndo hivyohivyo, mtoto aliyemchukulia mwenzake kalamu anakuwa wa kwanza kumkasirikia tajiri.

Inapoharibikia: kutia chumvi. Unaongeza hapa ili wacheke, unaongeza pale, mwisho mtoto anaenda nyumbani anasimulia maneno ambayo samaki alimwambia Yona. Huyo samaki hakusema neno. Tena Kitabu kinasema samaki mkubwa tu, aina yake hakijaitaja. Mtoto akikua akakuta hayapo anaanza kujiuliza mengine uliyomwambia yapo kweli?

Inamfaa mwalimu mwenye darasa la umri mchanganyiko, asiye na vifaa, na anayependa kuongea. Ukiwa mtu wa aibu usiikimbie lakini, anza na stori fupi ukiwa umekaa chini pamoja nao, sauti ya kawaida tu.

2. Igizo

Hapa nitakaa kidogo manake ndo njia inayoogopwa kuliko zote, na inaogopwa kwa sababu ambayo haipo.

Maandalizi: walimu wengi wanaona mavazi, maneno ya kukariri, mazoezi ya wiki tatu. Hiyo ni ya sherehe, ambapo wazazi wamekaa wanaangalia. Igizo la darasani mwalimu anasimulia na watoto wanafanya kile anachokisimulia, basi. Vifaa ni shuka moja, viti viwili vitatu, na kitu cha kuwekea alama nani ni nani.

Nikupe mfano wa Naamani, 2 Wafalme 5, yule mwenye ukoma aliyeambiwa ajichovye Yordani mara saba apone. Watoto wawili walishika ncha za shuka la buluu, hiyo ndo Yordani. Mwingine alikaa chini nyuma ya shuka, kazi yake kusubiri. Mvulana wa miaka 9 ndo Naamani, tumembandika vipande vya karatasi nyeupe mikononi, ukoma wake huo. Anazama, darasa linahesabu moja, anainuka anaangalia mikono, darasa zima "bado!" Mbili, bado! Tatu, bado! Ilipofika ya nne zile kelele zikapungua, nikamsikia mmoja anamnong'oneza mwenzake "si aache tu". Ya sita yule mvulana akainuka akaangalia mikono yake muda mrefu, hakuna aliyemwelekeza afanye hivyo, akasema nimechoka mwalimu. Nikamuuliza, unarudi nyumbani? Akafikiria. Akasema "imebaki moja", akazama, na yule wa nyuma ya shuka akambandua karatasi zote. Alipoinuka na mikono safi darasa lililipuka kwa shangwe.

Mlangoni siku hiyo walinijibu kwa maneno tofauti lakini kitu kimoja: angeacha ya sita asingepona. Mimi sikuwa nimelisema hilo popote.

Umri na idadi: kuanzia miaka 5 hivi mpaka 12, wa chini ya hapo wanaigiza vizuri ila wote kwa pamoja, wote kondoo, wote mawimbi. Na watu hawaamini ila darasa kubwa ndo linalofaidi zaidi kwa sababu Biblia imejaa umati. Chukua Yeriko, mji ambao Waisraeli waliuzunguka siku sita mara moja kila siku na ya saba mara saba, jumla mizunguko 13, na watu wote wamekatazwa kutoa sauti mpaka Yoshua atakaposema. Watoto 30 wakizunguka viti kimyakimya mara 13, kuna utulivu unaoingia mle ndani ambao usingeupata kwa kuwaambia nyamazeni. Nafasi inahitajika ndio, kwenye chumba kilichobana itakushinda.

Nani anafanya kazi: watoto, karibu wote, mwili na akili.

Kinachobaki: kile alichokihisi mhusika, kuchoka kwa Naamani, kusubiri kwa watu wa Yoshua. Mpangilio wa stori haubaki vizuri sana hasa kwa waliokuwa pembeni, kwa hiyo mkimaliza simulieni tena kwa kifupi mkiwa mmekaa.

Inapoharibikia ni mahali pawili. Pa kwanza, watoto walewale watatu wachangamfu wanachukua nafasi zote. Andika majina kwenye daftari lako, nani alikuwa nani lini, ukiacha kwa kumbukumbu utampa yuleyule. Asiyetaka kuigiza usimsukume, mpe kazi ya kweli, kuna msichana alikuwa hataki kabisa kusimama mbele, tukamwomba awe mkuyu, yaani ashike kiti Zakayo asianguke, wiki mbili baadaye akaja mwenyewe akauliza leo kuna igizo? Pa pili pananiuma zaidi, ni jina. Mtoto akiigiza Yuda leo ataitwa Yuda mwezi mzima na wenzake, na sio mzaha kwake. Sehemu za waovu nachukua mimi mwalimu, au tunaweka kiti chenye koti. Na yale mazito ya damu na mateso kwa wadogo simulia kwa upole tu, usiyaigize.

Inamfaa mwalimu mwenye watoto wanaoshindwa kukaa, nafasi ya kutosha, na msaidizi hata mmoja.

3. Kazi za mikono

Maandalizi: ndo nzito kuliko zote. Karatasi, gundi, mikasi, kalamu za rangi, kukatakata kabla, alafu kusafisha baada. Kwa darasa la watoto 20 ukiwa peke yako unaweza kumaliza jioni nzima. Tumia vilivyopo, maboksi, vifuniko, vitambaa chakavu, waambie watoto wenyewe wakusanye wiki nzima, wakileta kitu wanakuwa wameshaanza kulifikiria somo kabla ya kufika.

Umri na idadi: inafaa wa miaka 4 hadi 9 sana, wakubwa nao wanapenda ila wape kitu cha kweli cha kujenga au kuandika, usiwape picha ya kupaka rangi ile unayowapa wadogo zao, wanajisikia vibaya na hawatakwambia. Darasa la zaidi ya watoto 15 bila msaidizi litakuelemea, na mikasi uihesabu kabla na baada.

Nani anafanya kazi: inategemea na wewe. Kazi ambayo mwalimu ameshakata kila kitu na mtoto anabandika tu, aliyefanya kazi ni mwalimu. Acha ya mtoto ionekane ni ya mtoto, hata kama safina imepinda.

Kinachobaki: kitu cha kwenda nacho nyumbani, na hii sio ndogo, manake mzazi atauliza hiki nini na mtoto atalazimika kusimulia. Ni wazo la zamani sana hilo. Yoshua 4 Waisraeli waliambiwa watoe mawe 12 katikati ya Yordani wayasimamishe, ili watoto wao watakapouliza mawe haya maana yake nini waelezwe. Kitu cha mikono kinatakiwa kiwe jiwe la namna hiyo, cha kuulizwa.

Sasa inapoharibikia umeshapaona, ni kwenye pamba. Nina kipimo kimoja nakitumia siku hizi: kama kazi ileile ingefaa kwa somo lolote lingine basi haijatoka kwenye somo hili. Kondoo wa pamba anafaa Daudi mchungaji, anafaa Zaburi 23, anafaa kuzaliwa kwa Yesu, kwa hiyo hasemi kitu kuhusu aliyepotea. Ningewapa wafanye kondoo, tukamficha mmoja mle chumbani kabla hawajafika, wakahesabu wakakuta mmoja hayupo wakamtafuta wenyewe, hapo mkono na stori vingekuwa kitu kimoja.

Iliyonipendeza kuliko zote ni ya mpanzi, Mathayo 13. Vikopo vinne, kimoja udongo umeshindiliwa mpaka mgumu kama njia, cha pili mawe na udongo kidogo sana juu yake, cha tatu udongo wenye magugu na mizizi yake, cha nne udongo mzuri. Mbegu zilezile, maji yaleyale, dirisha lilelile. Na hii haina haraka, ni ya wiki tatu nne. Cha mawe kilichipua cha kwanza na watoto wakaanza kukishangilia kwamba kinashinda, mimi nikanyamaza. Wiki iliyofuata kimelala chini, kimekauka. Msichana mmoja akakishika kile kikopo akasema "si ndo Yesu alivyosema, hakina mizizi". Kuna somo gani la kuongeza hapo?

Alafu kuna faida moja ambayo haitajwi. Mikono ikiwa na kazi midomo inafunguka, mtoto asiyeongea ukimwangalia machoni ataongea akiwa anakata karatasi, anasema mambo ya nyumbani, anauliza maswali yake ya kweli. Kaa chini naye wakati huo, usizunguke zunguke.

Inamfaa mwalimu mwenye watoto wadogo, meza au sakafu safi, msaidizi, na muda wa kujiandaa. Kama huna muda wiki hii iache, hutakuwa umekosea.

4. Kwizi na michezo

Maandalizi: ya wastani, maswali 10 hadi 15 na namna ya kuhesabu pointi. Tunga mwenyewe kutoka kwenye sura mliyosoma, ukichukua maswali yaliyotungwa na mtu mwingine utakuta yanauliza ambayo hukufundisha.

Umri na idadi: kuanzia miaka 7 na kuendelea, na ndo silaha kubwa kwa wale wa miaka 10 hadi 12 wanaojiona wakubwa kwa kazi za gundi. Idadi yoyote, hata 40, ukigawa timu. Kelele ipo, kama ukuta wa pili kuna ibada inaendelea fikiria mara mbili.

Nani anafanya kazi: kwa kawaida watoto wawili, wengine wanaangalia. Samahani ila ndo ukweli wa kwizi nyingi nilizoziona, wale wawili wanaosoma Biblia nyumbani wanajibu kila kitu na mgeni aliyeletwa na rafiki yake leo kwa mara ya kwanza anatoka kapa, na anaamini hapa si mahali pake. Tatizo linatibika lakini. Swali linaulizwa kwa timu, timu inashauriana nusu dakika, alafu wewe unachagua yeyote katika timu ajibu. Hapo wale wanaojua wanalazimika kuwafundisha wasiojua, nimeona mtoto anamweleza mwenzake Gideoni vizuri kuliko nilivyoeleza mimi.

Kinachobaki: majina, namba, mambo ya hakika. Ukitaka zaidi ya hapo changanya maswali ya "nani" na "ngapi" na yale ya "kwa nini" na "wewe ungefanyaje", yale ya mwisho yasiwe na pointi.

Mchezo mmoja wa Gideoni, Waamuzi 7. Watoto 16 wamesimama, hao ndo jeshi la watu 32,000. Walioogopa warudi, wakarudi 22,000, kwa hesabu hiyo wanakaa watoto 11 wanabaki watano. Watoto wanasema ah, wamebaki wachache sana. Sasa waliobaki mwisho walikuwa 300, wapige hesabu wenyewe katika hawa 16 wanatakiwa kubaki wangapi? Hakuna. Hata mtoto mmoja mzima hapatikani, manake ni chini ya mtu mmoja katika kila mia. Wale watano nao wakikaa wakabaki wanaangalia sakafu tupu, ndo wanaelewa kwa nini Mungu alisema watu ni wengi mno.

Inapoharibikia: ushindani ukizidi. Timu iliyoshindwa ikianza kulaumu mtoto mmoja, simamisha mchezo palepale. Njia nyingine ni wote wawe timu moja dhidi ya saa. Na wape nafasi wao waulize, Yesu mwenyewe akiwa na miaka 12 alikutwa hekaluni amekaa katikati ya walimu anasikiliza na kuwauliza maswali, kwa hiyo mtoto anayeuliza sana usimwone msumbufu.

Inamfaa mwenye darasa la wakubwa, wiki za marudio, na mwalimu anayeweza kushika nidhamu bila kukaripia.

5. Nyimbo na mistari ya kukariri

Hii nitaipitia haraka kwa sababu wengi mnaifanya tayari na mnaifanya vizuri.

Maandalizi: kidogo. Mstari mmoja, ubao, sauti yako hata kama sio nzuri. Andika mstari wote, wausome, futa neno moja, wausome tena, futa lingine, mpaka ubao uwe mtupu na wanasoma ubao mtupu. Mbinu hii haijawahi kunichosha wala kuwachosha.

Umri na idadi: wote, na wa miaka 3 hadi 6 wanashika kwa wimbo kuliko kwa njia nyingine yoyote, wengi wao hata kusoma hawajui. Kadiri wanavyokuwa wengi ndo inanoga.

Nani anafanya kazi: wote kwa pamoja, hakuna anayebaki nje, hata mgeni wa leo. Zaburi 136 ni kama imetengenezwa kwa ajili ya darasa, mistari 26 na kila mmoja unaishia na fadhili zake ni za milele, wewe soma mwanzo wao waitikie, kwenye mstari wa tatu hata asiyejua kusoma yumo.

Kinachobaki: ndo kinachodumu kuliko vyote. Kuna watu wazima hawakumbuki somo hata moja la utotoni ila wimbo wanaujua wote. Musa aliambiwa auandike wimbo awafundishe Waisraeli uwe vinywani mwao, ipo Kumbukumbu la Torati 31, na sababu iliyotolewa ni kwamba hautasahauliwa vinywani mwa uzao wao.

Inapoharibikia: maneno yanabaki na maana haipo. Watoto wanapenda kuchagua Yohana 11:35, Yesu akalia machozi, kwa sababu ni mfupi, sawa, waruhusu alafu waulize alikuwa analilia nini, na wakijibu umepata somo zima. Kitu kingine, usiwapange kwa mstari aliyekariri na asiyekariri. Kuna mtoto nyumbani kwao hakuna wa kumsikiliza.

Inamfaa kila mtu kama kipande cha dakika 10, ila ikiwa ndo darasa zima wakubwa watachoka.

Vidio na katuni sijaziweka kwenye ulinganisho huu kwa makusudi. Sio mbaya, dakika tano za kuonyesha jangwa au mashua lilivyo zinasaidia sana mtoto ambaye hajawahi kuviona. Ila kwenye kile kigezo cha tatu, nani anafanya kazi, jibu ni mashine, kwa hiyo iwe kionjo tu.

Sasa wewe uende na lipi?

Kabla hujachagua, jambo moja. Kubadilisha shughuli sio kubadilisha kila kitu. Mtoto anatulia akijua darasa linaanza vipi na linaisha vipi, wimbo uleule wa kukaribishana, sala ileile ya kuagana, wadogo hasa wanahitaji hicho. Badilisha cha katikati. Na cha katikati kichaguliwe na sura yenyewe, usiende kwa zamu ya wiki hii gundi wiki ijayo kwizi. Sura yenye mwendo, watu wanatembea wanazama wanapanda juu ya miti, inaomba igizo. Mfano wenye kitu cha kushika, mbegu, kondoo, sarafu, unaomba mikono. Sura yenye majina na namba nyingi, kwizi. Zaburi ziimbwe. Sura ya mazungumzo ya watu wawili, kama Nathani na Daudi, ikae ilivyo, simulia.

Kama una umri mchanganyiko, wa miaka 4 na wa miaka 12 chumba kimoja, simulia kwa wote alafu wakubwa wawe wasaidizi wa wadogo kwenye kazi ya mikono, ukiwapa cheo cha msaidizi hawatalalamika kwamba ni ya kitoto.

Kama wako wengi sana na wewe ni mmoja, nyimbo na igizo la umati. Gundi usiiguse.

Kama wako watatu wanne tu, usihuzunike, ndo darasa la kazi ndefu kama ile ya vikopo na la mazungumzo ya kweli. Kwizi ya watoto watatu lakini inaumiza, manake anayeshindwa anaonekana.

Kama wakubwa wameanza kutoroka, wape kazi ya kutunga maswali ya kwizi ya wiki ijayo. Atakayetunga swali zuri lazima asome sura. Wengine wape igizo walielekeze wao.

Kama una mtoto asiyesikia au asiyeona vizuri, au anayeshtuka na kelele, panga kuanzia kwake. Kazi za mikono na igizo linalofuata ishara humbeba asiyesikia, nyimbo na hadithi humbeba asiyeona, na anayeshtuka mwambie mapema kabla ya ile shangwe ya Yeriko, au mpe yeye kazi ya kuinua mkono wa kuianzisha.

Kama hawasomi vizuri bado, usimwite mtoto asome mbele ya wenzake bila kumuuliza pembeni kwanza.

Na kama umeambiwa sasa hivi mlangoni kwamba mwalimu hajafika uingie wewe, huna karatasi, huna chochote, fungua Marko 4 kuanzia mstari wa 35, dhoruba baharini. Simulia mpaka mawimbi yanapoingia chomboni, wafanye wao upepo kwa midomo, wafanye mvua kwa vidole sakafuni, pole pole alafu kwa nguvu alafu kwa nguvu zaidi, mpaka mtu wa chumba cha pili asikie. Alafu inua mkono useme alivyosema Yesu, "Nyamaza, utulie." Na wewe unyamaze nao, uhesabu mpaka kumi kabla hujasema neno lingine.